Raba za Swaumu

Tangu afiwe, Bi Tatu aliwatambua watu kwa miguu yao. Alikuwa amekaa eda, na mwanamke aliyekaa eda hakai na wanaume uso kwa uso. Basi pazia la mlango wa mbele lilishushwa, na kila mwanamume aliyekuja kutoa pole alisimama barazani, akasema lake, akaenda zake. Pazia lenyewe lilikuwa fupi. Chini yake yalipita makubazi, zikapita katambuga, vikapita viatu vya mgambo, ikapita miguu mitupu yenye magaga ya watu wa Itetemia, na Bi Tatu, aliyeishi ujana wake wote na mshona viatu, hakuhitaji kuona zaidi. Alijua nani amekuja na uchungu wake na nani amekuja kuyakadiria mabati ya nyumba.

Mumewe, Lukumani, alikuwa mshona makubazi wa mtaa wa Ng'ambo kama baba yake, na kama babu yake, ambaye alikaa kando ya njia ya misafara akiwashonea wapagazi viatu vya ngozi ya nyati, enzi zile pembe za ndovu zikipita Tabora kwenda pwani. Kwa babu huyo ndiko ilikotoka kanuni iliyosemwa nyumbani mle sawasawa na bismillahi ya chakula: kiatu cha safari hukatwa ndani ya mstari. Mteja anakaa, anaweka unyayo juu ya ngozi, fundi anauzungushia mkaa, halafu kisu kinapita ndani ya ile alama, si juu yake wala nje yake. Kiatu kitabana siku za mwanzo. Kisha ngozi itafunguka, itaukubali mguu, na mpagazi atafika Ugogo ndiyo kwanza kiatu kimekuwa chake. Kile kinachomkaa vizuri hapa Tabora, Lukumani alikuwa akisema, kitamtoka mguuni njiani.

Lakini miaka ile ngozi zilikuwa adimu. Sukari ilikuwa foleni, sabuni foleni, unga uliopatikana ulikuwa wa njano wenye harufu ya gunia, na watu wa vijijini walikuwa wakipita juu ya malori kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, vitanda na kuku wao vimefungwa pamoja. Lukumani akageukia matairi ya magari. Alizikata katambuga bila raha, akasema mpira hauna shukrani, unauvaa mwaka mzima nao hata haukujui. Kifua kikamwanza mvua zilipokatika, na kiangazi hakijakaa sawa Mwenyezi Mungu akamchukua. Alimwachia Bi Tatu binti mmoja, Swaumu, wa darasa la saba, aliyechelewa kuanza shule na sasa alikuwa mwanamwali kabisa.

Swaumu alikuwa na mbio. Watu wengine wana sauti, wengine wana mkono wa kupika; yeye alikuwa na mbio. Akitumwa chumvi alirudi kabla mwenye kutuma hajamaliza kuosha sufuria. Shuleni Mwalimu Bernadeta, mwanamke Mnyamwezi mnene, asiyeweza kukimbia hata kuku wake wakiibwa, ndiye aliyemwona na kumfundisha kugawa pumzi. Bi Tatu mwanzoni hakupenda. Alikuwa mtu wa swala zake, na binti kukimbia mbele za watu kulimkaa rohoni kama mwiba. Ila Lukumani aliridhia, naye Bi Tatu akamshonea mtoto suruali ya kuvuka magoti na kitambaa cha kufunga kichwa kisawasawa, akalikabidhi jambo hilo kwa Mungu.

Siku moja baada ya alasiri ikaja miguu ya Abbasi. Abbasi alikuwa mdogo wake marehemu, na baba hayupo, ndiye sasa walii wa Swaumu, mwenye haki ya kumwoza. Makubazi yake alishonewa na kaka yake, na kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande wa nje, kwa sababu Abbasi hutembea kama mtu anayekwepa kitu. Alisalimu, akauliza hali, akakohoa. Bi Tatu akajua ana neno.

Neno lenyewe lilikuwa Selemani wa Nzega, mwenye mashine ya kusaga. Alikuwa na mke mmoja na watoto waliomzidi Swaumu umri, na alitaka mke wa pili. Abbasi hakulisema kwa ubaya. Alieleza kwamba nyumba haina mwanamume, kwamba yeye mwenyewe ana watoto wengi na kazi ya reli haimtoshi, kwamba kwa Selemani hakukosekani unga hata mwaka huu. Bi Tatu alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwamba marehemu alitaka mtoto asome na akimbie, na Sabasaba inakuja, na kuna mashindano ya kuteua timu ya mkoa.

"Shemeji," Abbasi akasema, "hizo mbio zinampeleka mtu wapi?"

"Zinampeleka Dar es Salaam, akichaguliwa."

"Hata treni inampeleka Dar es Salaam."

Ile miguu ikasogea, ikarudi mahali pake. Kisha Abbasi akatoa ahadi yake, polepole, kama mtu anayejisikiliza. Swaumu akichaguliwa timu ya mkoa, yeye atafunga mdomo. Hatamtaja Selemani wala mtu mwingine mpaka binti amalize masomo yake, yafike yatakapofika. Asipochaguliwa, eda ya mama yake ikiisha atamwoza. "Nalisema hili kwenye baraza la kaka yangu," alimalizia. "Sitaligeuza, na wewe usinigeuzie."

Bi Tatu akakubali. Alimkubalia kwa sababu alimjua mwanawe, na kwa sababu Mwalimu Bernadeta alikwisha kusema kwamba wa kwanza mpaka wa tatu wote huchukuliwa, na kwamba katika mkoa huu hajaona wasichana watatu wa kumpita Swaumu.

Wiki haikupita, mwalimu akaja na habari nyingine. Yeye, kwa kuwa ni mwanamke, aliingia mpaka ndani, akaketi mkekani, akajipepea na ukingo wa khanga. Kamati ya Sabasaba, alisema, imeamua kwamba mwaka huu kuna wageni kutoka Dar, na mkoa hautaki kuonekana umebaki nyuma. Kwa hiyo kila mkimbiaji avae viatu. Asiye na viatu hatapangwa mstarini.

"Viatu gani?" Bi Tatu akauliza.

"Hawakusema. Wamesema viatu." Mwalimu Bernadeta aliitazama miguu ya Swaumu, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni. "Ningekuwa na uwezo ningemnunulia mimi. Wewe ni mke wa fundi, mama. Mchagulie."

Hivyo ndivyo kazi ile ilivyomwangukia mtu ambaye hakuweza kutoka nje hata kufika gengeni.

Viatu vya kwanza vilikuwa tayari nyumbani, na havikumgharimu kitu: zile katambuga ambazo Lukumani alimkatia binti yake kabla hajalala kitanda asichoinuka. Bi Tatu alimwambia azivae akimbie uani. Swaumu akafunga mikanda, akazunguka kisima, na zile katambuga zikapiga chini kap, kap, kap, mpaka kuku wakaruka ukuta. Bi Tatu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akaona aibu ya kucheka kwake. Zilikuwa nzito. Zingemfikisha mtu Kigoma akiwa mzima, lakini asingefika wa kwanza.

Viatu vya pili vilikuja vimefungwa ndani ya mtandio, mikononi mwa Bi Zeyana. Bi Zeyana alikuwa mwanamke wa Kiarabu, jirani wa miaka mingi, ambaye zamani watu wa nyumba yake waliuza nguo na sasa waliuza kilichobaki. Mjukuu wake Fakhria alikuwa amesafiri kwenda Maskati kwa mjomba, akaacha viatu vya michezo vya Ulaya, vyeupe, vina mistari ya buluu, vyepesi hivi kwamba Bi Tatu alipovipokea mkono wake ulipanda wenyewe. Alivigeuza, akabonyeza soli, akavinusa. Hakuwahi kushika kiatu kilichoshonwa namna ile. Swaumu akavivaa, akasimama, uso ukamwangaza kama mtu aliyekanyaga maji baridi.

Bi Tatu akaingiza kidole nyuma ya kisigino, kisha akabonyeza mbele. "Vidole vinacheza."

"Ndivyo vinavyovaliwa," akasema Bi Zeyana. "Fakhria aliniambia, hivi vya kukimbilia sharti mbele paachwe nafasi."

"Fakhria alikuwa anakimbilia wapi, Bi Zeyana? Si alikuwa anapelekwa kwa motokaa?"

Bi Zeyana akatabasamu kwa upande mmoja. Hakuwa mtu wa kukasirika haraka. Alisema anachotaka: hakutaka fedha, alitaka vyombo vya marehemu. Kijana wao Hamdun hakuwa na kazi tangu duka lifungwe, na alitaka kujifunza kushona viatu. Msharasi wa kutobolea ngozi, kisu, nyundo na gogo la kukatia vingemwanzishia maisha. Viatu kwa vyombo, basi.

Vile vyombo vilikuwa pembeni, chini ya gunia, na Bi Tatu alijua hata bila kutazama jinsi mpini wa kile kisu ulivyoliwa na kidole gumba cha Lukumani. Angetaka kusema ndiyo. Lakini mirathi ilikuwa haijagawanywa. Ndani ya vyombo vile mlikuwa na haki ya Swaumu na haki ya Abbasi, na yake yeye mwenyewe ilikuwa fungu dogo. Kutoa mali ya maiti kabla ya kugawa, hata kwa ajili ya mtoto wa maiti, ilikuwa kula cha watu, na hakuwa amefika umri ule akisimama mbele ya Mola wake mara tano kila siku ili aje afanye hivyo sasa.

"Si vyangu, Bi Zeyana."

"Najua si vyako," Bi Zeyana akasema. "Nilitaka uwe umekataa wewe, nisije nikajilaumu kwamba sikuuliza. Ningekuwa na kingine cha kuuza ningempa mtoto bure." Akavifunga tena viatu mtandioni. Swaumu alimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, akarudi, akaendelea na mchele wake.

Vikabaki vya tatu, raba za turubai za duka la ushirika. Hizo si za bure, wala bei yake si ya kutisha. Bi Tatu alitoa doti yake ya khanga ya harusi, ambayo hata hivyo katika eda asingeivaa, jirani akaiuza, na Abbasi akapanga foleni tangu alfajiri. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake: alipanga foleni kwa ajili ya raba ambazo zingeweza kumvunjia ahadi yake na Selemani, na hakulalamika. Alipofika mbele pale dukani palikuwa na jozi mbili tu za kike zilizobaki, moja ndogo, moja kubwa, bei ile ile. Mwuza duka, aliyekuwa akimfahamu marehemu, akamruhusu azichukue zote mbili mjane akachague, mradi moja irudi kabla ya adhuhuri, maana watu wako nje.

Abbasi akazipitisha chini ya pazia.

Swaumu alivaa kubwa kwanza. Zilimkaa, lakini mbele ya kidole gumba palibaki nafasi, na alipotembea kisigino kilipanda na kushuka. Akavaa ndogo. Mguu uliingia kwa kusukumwa. Alisimama akiwa amekunja vidole, na uso wake, ambao mama yake aliujua kama anavyoijua Fatiha, haukusema kitu.

"Zinabana kidogo, mama."

"Zibane. Baba yako alikuwa akisemaje?"

Swaumu akainamisha kichwa. Msiba ulikuwa bado mbichi, na jina la baba likiingia chumbani hakuna mtu aliyebisha tena. "Hukatwa ndani ya mstari," akajibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu njiani hufunguka."

Nje ya pazia ile miguu ya Abbasi ilikuwa ikibadilishana uzito. "Shemeji, adhuhuri inaingia. Ipi irudi?"

Bi Tatu alizishika zote mbili, moja kwa kila mkono. Alikumbuka wapagazi ambao hajawahi kuwaona, na Ugogo ambako hajawahi kufika. Alikumbuka makubazi ya Lukumani yanavyoanza kwa kilio na kuishia kuwa kama ngozi ya mwenye mguu. Aliona kisigino cha binti yake kikipanda na kushuka ndani ya ile kubwa, akamwona anaanguka mbele ya wageni wa Dar.

"Kubwa irudi," akasema.

Tangu siku ile alizilea zile raba kama Lukumani alivyokuwa akizilea ngozi. Alizirowesha maji, akazipaka mafuta ya karanga, akazianika kivulini, akazirowesha tena. Turubai likawa gumu na madoa yakalitia sura ya sufuria ya zamani. Alimwamuru Swaumu azivae ndani jioni, ili azifungue, na mazoezi ya uwanjani afanye peku asije akazila soli. Swaumu alizivaa. Alitembea nazo chumbani kwa kukanyagia visigino, kifua mbele, na Bi Tatu, ambaye hakuna kilichompita chini ya pazia, alimwona kila jioni akitembea vile akadhani ni maringo ya kiatu kipya. Akafurahi moyoni kwamba mtoto ameanza kupata furaha baada ya msiba.

Siku ya Sabasaba mji wote ulikwenda uwanjani. Bi Tatu alibaki peke yake uani, akasikia matarumbeta, akasikia hotuba zikikatikakatika kwenye vipaza sauti, maneno kama maendeleo na kujitegemea yakifika bila sentensi zake. Vumbi jekundu lilisimama juu ya mji. Aliswali adhuhuri, akabaki pale pale juu ya msala na tasbihi mkononi. Mara kelele ya watu ikapanda, ikapanda tena, ikashuka yote kwa pamoja kama maji yaliyomwagwa. Hakujua ni mbio za nani. Alivuta tasbihi akaona uzi wake umelegea, akaiweka chini.

Walirudi alasiri. Aliona kwanza, chini ya pazia, viatu vipana vya Mwalimu Bernadeta, na pembeni yake miguu ya Swaumu ndani ya raba, inakanyaga upande upande, mmoja kisha mwingine, kama ya kizee. Kwenye turubai, mbele, palikuwa pameloa. Bi Tatu alijua ile si maji.

Mwalimu alisimulia kwa sauti ndogo, akiangalia mkeka. Swaumu aliongoza. Mizunguko ya mwanzo aliwaacha kabisa, watu wakaanza kuulizana ni mtoto wa nani, na kijana wa Bi Zeyana akawa anapaza sauti kwamba ni wa Lukumani fundi, Mungu amrehemu. Kisha kwenye mzunguko wa mwisho akaanza kukimbia kwa visigino. Mwalimu alidhani ni mchomo wa ubavu. Akapitwa na mmoja, akapitwa na wa pili, na pale penye kona ya mwisho, mahali ambapo siku zote ndipo anapochomoka, akapitwa na wa tatu.

"Wa nne," Bi Tatu akasema.

"Wa nne, mama."

Kisha mwalimu, labda kwa kutaka tu kusema kitu, akaeleza kwamba aliyekuwa wa kwanza ni msichana wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Urambo, na alivaa raba za kaka yake, kubwa kama mitumbwi. "Mbele amezisindilia matambara. Baada ya mbio alizivua, akatoa yale matambara akajifutia uso."

Mwalimu alipoondoka, Bi Tatu alileta beseni, maji ya vuguvugu na chumvi. Alikata kamba za raba kwa kisu, maana mafundo yalikuwa yameng'ang'ania. Soksi zilitoka pamoja na ukucha wa kidole gumba cha kulia. Wa kushoto ulikuwa mweusi, umeinuka, na vidole vingine vilikuwa vimelaliana kama vitoto vya panya. Swaumu hakulia. Alishika ukingo wa beseni akatazama ukutani.

"Ulijua tangu lini kwamba zinakuumiza?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia zinabana. Halafu nikaona baba hawezi kukosea. Nikasema zitafunguka njiani."

Bi Tatu aliendelea kumwosha, kidole kimoja kimoja. Maji yalipogeuka rangi aliyamwaga akaweka mengine. Baadaye, mtoto akiwa amelala kifudifudi na miguu nje ya shuka, aliichukua raba moja, akaishika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, akaivuta kwa nguvu zake zote, kama alivyomwona Lukumani akivuta ngozi mara elfu. Haikunyooka hata unywele. Kule kurowesha, kule kuanika, hakukulifungua turubai, kulilifinya zaidi. Ngozi ilikuwa mnyama, ikakumbuka kunyooka. Hiki kilikuwa kitambaa na mpira, na mpira, aliwahi kuambiwa katika nyumba hii hii, hata haukujui.

"Baba yako hakukosea," alisema, ingawa Swaumu alikuwa amefumba macho. "Baba yako alisema ngozi. Mimi ndiye niliyesahau kwamba hii si ngozi."

Swaumu hakufumbua macho, lakini mkono wake ulitoka chini ya shuka, ukashika pindo la nguo nyeupe ya mama yake, ukabaki pale.

Abbasi hakuja siku ya pili yake wala iliyofuata. Alipokuja, alisimama mbali kidogo na pazia kuliko kawaida yake. Bi Tatu hakumngoja aanze. Alimwambia kwamba binti hakushindwa mbio. Kwamba raba zilikuwa mbili, yeye akazishika mkononi na akarudisha zilizomtosha. Kwamba kosa ni la aliyechagua, si la aliyekimbia, na ahadi ilikuwa juu ya mbio za Swaumu, haikuwa juu ya ujinga wa mama yake. Alisema kwa utulivu, kama anayesoma. Alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu alfajiri.

Miguu ya Abbasi ikasogea hatua moja karibu na pazia.

"Mimi mwenyewe nilizirudisha dukani," alisema. "Nilikimbia nazo ili niwahi adhuhuri. Nimelifikiria hilo sana, shemeji." Akakohoa. "Lakini ningesemaje kwa Selemani? Nimwambie binti amekuwa wa nne kwa sababu ya kiatu? Kila aliyekuwa wa nne anayo sababu yake."

"Basi amalize darasa la saba. Mtihani uko karibu. Mwombee hilo tu."

Abbasi alikubali kulipeleka ombi hilo, na alilipeleka kweli. Jibu la Selemani lilirudi na basi la Nzega, jibu la adabu: hana kipingamizi kabisa na elimu, na Nzega nako kuna shule. Bi Tatu aliposikia akasema alhamdulillahi, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kusema juu ya kila jambo, akaenda kuchuja maziwa.

Eda ikaisha. Akaoga, akavua nguo nyeupe za eda, pazia likainuliwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akaziona nyuso za watu aliokuwa akizungumza na miguu yao. Uso wa Abbasi ulikuwa umezeeka. Shehe akaja akagawa mirathi. Kwa fungu lake Bi Tatu hakutaka kitu ila kisu na msharasi. Nyundo na gogo vikauzwa, na aliyevinunua ni Hamdun. Viatu vya Fakhria navyo, Bi Zeyana alisema kwa haya, vilikwisha kuuzwa tangu Sabasaba, kwa mtu wa Shinyanga.

Nikahi ilisomwa Ijumaa, watu wachache, wali bila nyama ya kutosha. Alfajiri ya siku ya safari Bi Tatu alimkuta Swaumu amekaa juu ya sanduku, zile raba mapajani.

"Za nini hizo tena?"

"Nataka kwenda nazo."

Bi Tatu akataka kumkataza, kisha akaona hana alichobakiza cha kukataza. Akachukua kipande cha mkaa jikoni. "Simama," akamwambia, na Swaumu akasimama juu ya gunia peku, uzito wake wote juu ya miguu yake, si kwa kukaa kama walivyopimwa wapagazi, na mama akapiga magoti akamzungushia mstari. Ukucha mpya ulikuwa umeanza kuota, mwembamba kama ganda la kitunguu. Halafu akazichukua raba, akatia kisu cha Lukumani, akazikata ncha zote mbili mpaka vidole vikapata pa kutokea. Alikata taratibu, nje ya mstari.

Swaumu akazivaa. Akakanyaga mara moja, mara mbili. "Sasa zinanitosha," akasema.

Kwenye stendi ya basi Selemani alikuwa amekwisha kaa kiti cha mbele, mwanamume mpole mwenye viatu vya ngozi nyeusi, vipya, ambavyo Bi Tatu aliona mara moja kwamba vinambana. Swaumu alimbusu mama yake mkono, akapanda. Watu walikuwa wengi mlangoni, wenye mizigo, wenye watoto mgongoni, wakamficha uso. Bi Tatu akainama kidogo, kama alivyozoea, akatafuta katikati ya miguu ya watu mpaka akaziona zile raba zilizokatwa, na vidole vya mwanawe vikichungulia mbele, vikipanda ngazi ya mwisho.